Donati Kabla ya Machweo

Jumapili, tarehe 12 Desemba 2021

Rhobi anakuja Krismasi! Mama ameninong'oneza asubuhi tukichambua maharage, mdomo wake karibu kabisa na sikio langu, kana kwamba maharage yangesikia. Dada anakuja na Mabula. Hapa hapa nyumbani, Nyamisangura, kwa mlango wa mbele.

Nikauliza Baba amesemaje. Mama akasema hakukataa. Hakukubali pia. Alisema nyumba ina mlango, waje. Halafu akaongeza kwamba yeye hataketi na mtu aliyemchukua binti wa watu bila kuleta hata mzee mmoja kuzungumza.

Hapo ndipo kila kitu kinapokwama. Dada alipomaliza kidato cha nne alikwenda Nyamongo kumsaidia rafiki yake katika duka la nguo. Huko akakutana na Mabula. Msukuma, mchimbaji, Mkatoliki — Baba huyataja hayo matatu kwa mpangilio huo huo, kama anasoma majina ya wanafunzi darasani. Wakaanza kuishi pamoja. Hakuna ng'ombe, hakuna wazee, hakuna mchungaji. Tangu hapo Baba hamwiti Mama "Mama Rhobi" tena. Siku hizi ni "Mama Elieth". Kila akiita hivyo najisikia kama nimevaa nguo ya mtu mwingine.

Nimewaza siku nzima. Tatizo ni kuketi. Mabula akiingia na Baba akatoka, basi, Krismasi imekwisha na Dada hatarudi tena. Namjua Dada. Atasema nilijaribu.

Na chakula hapa kwetu hakiketishi watu pamoja. Baba hula sebuleni, sisi jikoni na Bibi. Akitaka kumkwepa Mabula atasema tu kwamba hana njaa. Lakini chai ya mchaichai na kitafunwa! Hiyo huletwa sebuleni, kila mtu hukaa, na Baba hawezi kukikimbia kitafunwa kitamu. Huo ndio udhaifu wake. Mwaka jana alikwenda semina ya walimu Musoma, wakapewa donati. Alizizungumzia wiki nzima. Mkate laini, umetobolewa katikati, umemwagiwa sukari! Mwalimu mzima, mzee wa kanisa, anatuonyesha ukubwa wa tundu kwa vidole.

Kwa hiyo nitapika donati.

Mama ameuliza kwani maandazi yamekosa nini. Nimemwambia maandazi ni ya kila siku. Akasema haya, lakini unga wangu usiumalize.


Jumanne, tarehe 14 Desemba

Jaribio la kwanza. Bora nisiandike.

Ninaandika. Klementina wa duka la jirani alinionyesha video kwenye simu ya mama yake. Mwanamke anakanda huku anacheka, unga unaumuka, anakata kwa glasi, anatoboa, anakaanga. Kila kitu kwa muda wa kunywa maji! Nami nikakanda. Nikaweka hamira, sukari, yai, maziwa kidogo, chumvi. Nikaweka maji ya moto ili uumuke haraka. Moto kweli kweli, yanachemka.

Haukuumuka. Nikasubiri. Haukuumuka. Nikaufunika kwa kanga ya Bibi, nikausogeza karibu na jiko. Ulilala pale kama mtu aliyegoma.

Nikakaanga hivyo hivyo. Bibi alichukua moja akaigonga ukutani. Ukuta ndio uliotoa vumbi. Akasema, "Mke mwenzangu, hizi tuwapelekee wachimbaji wa Nyamongo, wapasulie mawe."

Klementina alipokuja jioni alicheka mpaka akakaa chini. Anasema hamira ni kitu hai, nimeichemsha ikafa. Mbona hakuniambia? Ati alifikiri kila mtu anajua.

Baba amepita jikoni, ameangalia sahani, ameenda zake. Afadhali angesema.


Alhamisi, tarehe 16 Desemba

Jaribio la pili. Maji ya uvuguvugu safari hii. Uliumuka vizuri! Nikaimba. Sikupaswa kuimba.

Mafuta yalikuwa na moto mkali mno. Nje nyeusi, ndani mbichi. Ukiuma, unga unakushika meno kama gundi. Mama amesema basi, atakayegusa unga tena kabla ya Jumapili atamwona.


Jumapili, tarehe 19 Desemba

Zimekubali! Zimekubali!

Nilikata kwa glasi kubwa, tundu nikatoboa kwa kizibo cha soda. Mkaa kidogo, siyo kujaza jiko. Nikatupia kwanza kipande kidogo cha unga kwenye mafuta. Kilipopanda polepole na mapovu pembeni nikajua tayari. Nikageuza kwa kijiti. Sukari nikaitwanga kwenye kinu ikawa laini kama poda, nusu nikaitia rangi nyekundu aliyonipa Klementina, ya kupambia keki. Nyeupe na nyekundu. Za sikukuu kabisa.

Baba alirudi kutoka kikao cha kanisa nikamletea moja kwenye kisosi, na chai. Nilikuwa nimemwekea kiti. Akaila amesimama! Amesimama mlangoni, mkoba mkononi. Akatafuna, akatazama darini. Akasema, "Si mbaya." Akachukua ya pili. Akaitazama ya pili kwa lile tundu, kama anaangalia kwa darubini, akaniuliza, "Unga wa hapa katikati umeupeleka wapi?"

Nimemwambia vile vipande vya katikati tumevikaanga pia, Bibi amevimaliza.

Alicheka. Kidogo, kwa pua. Lakini alikula amesimama. Sikukuu nitaziweka kwenye sahani moja kubwa katikati ya meza, zisiweze kubebwa. Anayetaka itabidi akae.


Jumatatu, tarehe 20 Desemba

Mimi ni mjinga. Sisi sote humu ndani ni wajinga, au wote wanajua isipokuwa mimi.

Krismasi ni Jumamosi.

Niligundua leo nikiangalia kalenda ya kanisa ukutani, ile yenye saa za machweo. Tarehe 25, Jumamosi. Sabato! Jiko haliwashwi kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua lizame tena. Maisha yangu yote nimeishi hivyo, najua kuliko ninavyojua jedwali la kuzidisha, na bado nilipanga kukaanga donati asubuhi ya Krismasi kama akina Klementina!

Nilipomwambia Klementina alisema, "Nyie Wasabato, hata sikukuu mnaila baridi." Nikamjibu chakula baridi kinashibisha vile vile. Lakini nilikasirika.

Haya. Nitazikaanga Ijumaa mchana. Dada amesema kwa simu watafika Ijumaa kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo zitaliwa Ijumaa jioni, zikiwa za moto, na zitakazobaki Krismasi. Ni afadhali hata. Baba atakuwa bado hajaingia kwenye mambo ya ibada.

Baba mwenyewe hasemi Krismasi. Anasema sikukuu ya mwisho wa mwaka. Tarehe, anasema, hakuna aliyeiandika popote.


Jumatano, tarehe 22 Desemba

Mvua. Mkaa umelowana, gunia lilikuwa chini ya bati lililotoboka. Nimeuanika jikoni kipande kipande. Mikono kama fundi wa pikipiki.

Bibi anauliza, Mabula ana mwili? Nimesema sijui, sijawahi kumwona. Anasema Wasukuma ni warefu. Anasema akiwa mrefu atamkubali yeye mwenyewe, ng'ombe si lazima.


Alhamisi, tarehe 23 Desemba

Hawaji kesho.

Dada amepiga simu. Kwenye duara, lile shimo wanalochimba, wamefikia mwamba wanaousubiri tangu mwezi wa kumi, hakuna anayeruhusiwa kutoka zamu ya Ijumaa. Watakuja Jumamosi, wakitoka huko asubuhi. Watarudi jioni hiyo hiyo kwa sababu ya zamu.

Nilisikia Mama anamwambia Baba. Baba akasema, "Siku ya Sabato? Anakuja kwangu na pikipiki siku ya Sabato?" Mama akasema mtoto wake anakuja, na kwamba mtoto hana Sabato. Halafu Baba akauliza kama suruali yake nyeusi imepigwa pasi.

Mimi nimekaa juu ya gunia la mkaa nikalia kidogo. Siyo sana.

Nilitaka kuzikaanga leo, nimalize. Lakini donati za Jumapili zilipolala siku mbili zilikuwa kama sponji kavu. Mabula atafikiri ndivyo tunavyopika. Hapana. Ijumaa, mwisho kabisa, jua likiwa bado juu. Zitalala usiku mmoja tu, chini ya kitambaa chenye unyevu kidogo. Nimepanga vizuri.


Ijumaa, tarehe 24 Desemba

Ninaandika baada ya ibada ya kufungua Sabato. Sijui kama kuandika ni kazi. Sitauliza.

Kila kitu kimeharibika, na kimeharibika kwa utaratibu, kimoja baada ya kingine, kama kilipanga foleni.

Asubuhi ni maandalio kama kila Ijumaa. Kupiga deki, kufua, kupiga pasi, viatu vya Baba, viatu vya Mama, maji ya siku mbili. Na chakula cha kesho chote. Tuna majiko mawili. La kwanza maharage, la pili pilau, halafu kuku wa wageni, halafu maji ya kuoga. Nikamwambia Mama nahitaji jiko moja saa tisa. Akasema nitakupa. Saa tisa kuku alikuwa bado mgumu. Bibi ndiye aliyemchagua yule kuku. Nadhani walizaliwa mwaka mmoja.

Unga niliukanda mapema. Lakini mvua ilileta baridi, ukawa unaumuka kama mtu anayetembea na mguu wenye mwiba. Kila nikifunua — bado. Nikaupeleka karibu na maharage. Bado. Nikalibeba beseni zima nikaliweka juu ya kitanda, ndani ya blanketi langu. Mama alipoingia akauliza nani anaumwa.

Kuku aliiva jioni. Unga nao ukaiva wakati huo huo, umepanda vizuri, laini, ukiubonyeza unarudi. Nikaanza kukata. Mama akaniwekea mafuta jikoni. Mkaa ulikuwa bado na unyevu, ukatoa moshi, Mama akapepea, mimi nikakata. Nikatupia kipande cha kupima. Kikazama. Kikakaa. Kikapanda! Nikaweka donati za kwanza, zikaanza kuvimba, rangi nzuri kama ya asali. Nikazigeuza. Nikazitoa.

Baba akasimama mlangoni na saa yake mkononi. Akasema, "Jua."

Nikasema bado kidogo, Baba, sufuria moja tu.

Akasema, "Elieth. Jua."

Nje kulikuwa na mawingu tangu asubuhi, hakuna aliyeona jua siku nzima. Nikasema — sijui nilipata wapi ujasiri huo — "Baba, jua lenyewe halionekani!"

Mama akaacha kupepea.

Baba hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema taratibu, kama anamfafanulia mwanafunzi, "Halionekani, lakini linazama." Akachukua kitambaa, akaepua sufuria ya mafuta yeye mwenyewe, akaiweka pembeni. Akasema nifunike unga, kesho jua likizama nitaendelea.

Kesho jua likizama! Kesho jua likizama Dada atakuwa ameshapanda pikipiki kurudi Nyamongo!

Nilifunika. Nilinawa mikono. Tuliimba. Niliimba kwa midomo tu.

Donati zilizoiva hazitoshi hata kuitwa kitafunwa. Zimekaa kwenye sahani kubwa niliyoitafuta wiki nzima, zinaonekana kama vifungo vilivyodondoka kutoka koti la mtu. Sukari nyekundu nimeitwanga bure.

Mama alikuja kitandani akasema Dada haji kula donati. Najua. Lakini mimi nilitaka kuwe na kitu cha kumfanya Baba akae. Sasa atakaa kwa sababu gani?


Jumamosi, tarehe 25 Desemba

Asubuhi, kabla ya kanisa.

Unga umefufuka! Umekuwa mara mbili ya jana, umenyanyua sinia niliyoufunikia, unamwagika pembeni mwa beseni kwenye meza. Na harufu! Nyumba nzima inanuka kama pombe. Bibi ametoka chumbani kwake pua mbele, amefunua, amevuta hewa, akafumba macho. "Amarwa!" akasema. "Mwanangu, kumbe siku hizi mnapika pombe na hamniambii!" Anacheka peke yake mpaka kikohozi kimemshika. Baba amesimama na tai yake, mzee wa kanisa, nyumba yake inanuka kama kilabu, siku ya Sabato.

Nimemwuliza Baba kama kuukandamiza urudi chini ni kazi. Amefikiri sana. Amesema kuukandamiza kwa mkono mmoja si kazi, kuukanda kwa miwili ni kazi.

Nimeukandamiza kwa mkono mmoja. Umetoa pumzi ndefu. Nimeuelewa.


Mchana. Nimejificha nyuma ya choo na daftari hili. Wamefika.

Tulitoka kanisani tukakuta pikipiki uani. Dada amekonda. Amevaa gauni la kijani ambalo silijui. Tulikumbatiana nikasahau kila kitu, nikamwambia donati zimeharibika, kabla hata ya kumsalimia! Akasema, "Donati gani?" Nikaona aibu.

Mabula si mrefu. Bibi amesikitika waziwazi. Ana mabega mapana, sauti ndogo, shati jeupe lenye mikunjo ya kwenye pakiti. Akamwamkia Bibi, akamwamkia Baba: "Shikamoo, Mzee." Baba akajibu, "Marahaba." Akasimama. Akasema karibu ndani. Akaenda chumbani kubadili viatu. Hakutoka.

Halafu likatokea jambo. Mama alitokea mlango wa jikoni na chupa ya chai. Mabula akamwendea kwa furaha, mkono mbele, "Shikamoo Mama!" Mama akatupa macho chini, akarudi nyuma, akajipenyeza ndani, akafunga mlango! Mabula akabaki na mkono hewani. Uso wake, heri nisingeuona. Akauteremsha mkono, akaupangusa kwenye suruali, kana kwamba ulikuwa mchafu. Akamwambia Dada polepole twende tu, mama yako hataki hata kuniona.

Dada akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Akamwambia, "Wee mwanamume! Hii ni ensoni. Kwetu mama hamshiki mkwe mkono. Angekupa mkono ndiyo ningeogopa. Mama akikukimbia, ujue ameshakukubali."

Bibi akadakia kutoka kwenye kigoda, "Mimi sikukimbii, mimi nakungojea ukue."

Mabula akasema hata kwao Usukumani heshima kwa mama mkwe ipo, ila yeye amekulia machimboni, huko wakwe ni wa kusikia tu. Akauendea mlango wa jikoni, akasimama mbali, akasema kwa sauti, "Shikamoo Mama, samahani." Sauti ya Mama ikatoka ndani: "Marahaba, baba. Karibu nyumbani." Niko hapa nyumbani miaka yangu yote, sijawahi kusikia sauti ya Mama ikitetemeka hivyo.

Nilifurahi. Halafu nikaduwaa. Mimi nilipanga wote wakae sebuleni wanywe chai pamoja! Mama na mkwe wake, sahani moja! Ningewezaje kusahau? Hata unga ungeumuka vizuri, hata jua lingesimama, mpango wangu ulikuwa umekufa tangu mwanzo. Mjinga, mjinga, mjinga.


Baadaye. Hali ni mbaya zaidi.

Wamekula. Mabula peke yake sebuleni, pilau baridi na yule kuku. Bibi akaenda kumsindikiza ili asile peke yake, akamalizia na donati mbili. Baba alisema kupitia mlango kwamba hana njaa. Nilijua! Nilijua atasema hivyo hivyo!

Mabula akaona beseni. Akaniuliza, "Shemeji, huo unga vipi?" Nikamweleza yote, mpaka mawingu. Akasimama akakunja mikono ya shati lake jipya. Akasema mbona rahisi, yeye ni Mkatoliki, hana Sabato ya leo, atawasha jiko yeye, nimwelekeze tu kwa mdomo. "Leo Krismasi bwana! Wewe usiguse kitu, mimi nakaanga."

Nikatamani. Mungu anisamehe, nilitamani sana. Nilikuwa nimeshaonyesha kwa kidole mafuta yalipo.

Baba akatoka. Sikujua kama anasikiliza. Akasema si kwa ukali kwamba katika nyumba hii amri inamhusu kila aliye ndani ya lango. Mtoto, mfanyakazi, hata mgeni.

Dada alikuwa anakunja kitambaa cha meza. Akaacha kukunja. Akasema, "Kwa hiyo ni mgeni?"

Akamgeukia Baba.

"Baba, nauliza kwa heshima. Umemhesabu wapi? Mtoto, mfanyakazi au mgeni? Maana nimekuja naye kutoka Nyamongo ili nijue."

Baba akamtazama. Ni mara ya kwanza leo kumtazama hasa. Mdomo wake ulifunguka, nikaona anatafuta neno, yeye ambaye hakosi neno darasani wala kanisani. Akatoka nje kwa mlango wa nyuma.

Dada akaingia chumbani kwangu kuchukua mkoba. Anasema barabara ya Nyamongo imejaa tope, lazima watoke kabla giza halijaingia. Mama anamwomba angoje. Dada anasema nimengoja miaka miwili, Mama.

Nimejaribu kumwambia angoje jua lizame tu, nitakaanga haraka. Akanishika shavu. Akasema, "Elieth mdogo wangu, wewe bado unafikiri ni unga."

Sifikiri ni unga! Nimekasirika hata nimeshindwa kumjibu. Mimi ndiye niliyejua tangu mwanzo kwamba si unga!


Jua liko chini sasa. Leo linaonekana, mawingu yameondoka, ajabu.

Niko kwenye ngazi ya jikoni. Ninaandika haraka.

Mabula ameshawasha pikipiki. Amezima tena, kwa sababu Baba ametokea uani amebeba jiko. Jiko tupu. Ameliweka katikati ya ua. Ameingia jikoni, Mama akampisha, ametoka na ile sufuria ya mafuta ya jana, ameiweka kando ya jiko. Ametoka tena na beseni la unga. Ametembea nalo mikono miwili, taratibu, kama anabeba sahani za Meza ya Bwana. Mkaa hajatia. Kiberiti anacho mkononi. Ametafuta kigoda cha Bibi, amekaa. Baba amekaa! Uani, na suruali yake nyeusi ya ibada!

Hajamtazama Mabula. Anatazama magharibi. Ameuliza, kana kwamba anauliza hewa, unga ukilala usiku kucha hukandwa upya au hukatwa hivyo hivyo.

Mabula amenitazama mimi. Nimetikisa kichwa, sijui nami. Amesema, "Mzee, mimi sijui unga. Mimi najua mawe."

Baba amesema, "Na mawe nayo yana kungoja."

"Yana kungoja sana, Mzee."

Kuku wanapita.

Baba amesogeza tofali kwa mguu. Si karibu sana. Amelisogeza tu, likawa upande wake wa kushoto. Mabula ameangalia tofali. Ameangalia Dada. Dada amesimama kando ya pikipiki, mkoba begani, uso umekaza kama wakati ule alipokuwa akisubiri matokeo ya mtihani.

Mama yuko nyuma ya mlango, hawezi kutoka, ananivuta sketi kupitia upenyo. Wanasema nini? Nimemwambia hawasemi kitu. Amekaa? Nani? Mkwe, amekaa? Nimemwambia ngoja.

Jua limegusa bati la duka la akina Klementina. Baba amefungua kiberiti, amekifunga. Ametazama saa yake. Mabula anaondoa kofia ya pikipiki kwenye usukani, haijulikani anataka kuivaa au kuiweka chini, na Dada amesema kitu ambacho sikusikia, na Baba amegeuka, amemtazama Mabula usoni, amelipigapiga lile tofali kwa kiganja.